Mbavu Zilizoliwa kwa Minong'ono

Kabla majirani hawajafungua madirisha, Cheche alikuwa uani akipuliza makaa. Jina hilo alilipata kazini, kwa kuchomelea vyuma, na jiko la moshi lililokuwa mbele yake alilitengeneza mwenyewe kwa pipa kuukuu. Lilikuwa dogo. Mbavu zilizoenea humo kwa mara moja zingetosha watu wachache wenye haya, na ukoo mzima wa mke wake ulikuwa unakuja mchana.

"Utawalisha moshi?" mkewe aliuliza, akisugua chumvi na kitunguu saumu kwenye nyama.

"Nitapika kwa zamu. Zitakazotangulia zitasubiri wenzao ndani ya sufuria, chini ya blanketi."

"Blanketi langu?"

"Letu, mke wangu."

Karamu ilikuwa ya mama mkwe. Tangu amzike mumewe, usingizi ulikuwa umempa kisogo. Alikesha kitini, macho makavu, na alipoulizwa alijibu tu kwamba nyumba imekuwa kimya mno. Alikonda hadi pete ikawa inamvuka kidoleni. Binti yake aliona heri watu wakusanyike, wapige soga, huenda akachangamka.

Wakaja. Moshi wa kuni za mpera ulitambaa chini chini, ukapenya kati ya miguu ya viti, ukapanda hadi kwenye nguo zilizoanikwa, ukatulia hapo kama mgeni asiyejua aketi wapi. Jua lilionekana jekundu na la karibu, kama tunda la kuchuma. Waliokuja na makelele walianza kuongea taratibu, maneno yakiwatoka nusu nusu. Mama mkwe aliwekwa kwenye kiti cha kuegemea, karibu na jiko. Baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu, alijinyoosha kwenye mkeka kando ya ukuta, na punde akaanza kukoroma.

"Huyu naye!" alisema shangazi. "Mpigeni kiwiko."

"Shangazi, ngoja," Cheche akamzuia.

Mama mkwe alikuwa amelala. Kichwa kimeinama begani, viganja vimefunguka mapajani.

"Baba mdogo anakoroma vile vile," mke wa Cheche alinong'ona. "Kama baba."

Hakuna aliyesogea. Nyama iliiva, ikapita kuiva. Cheche aliziba tundu za hewa, moto ukasinzia nao. Lakini nani angetia mkono sahanini kabla ya mama?

"Mwanangu, njaa imenikaba koo," shangazi alilalamika chini chini. "Tumwamshe ale, kisha alale tena."

"Akiamka hatalala tena," mke wa Cheche alisema.

Cheche alimtazama mkewe, akamtazama mama mkwe, akafunua sufuria. "Tule. Atakayevunja mfupa kwa kelele, namfungia ndani ya pipa."

Wakala kwa minong'ono. Nyama iliachia mfupa yenyewe, laini, nyekundu pembezoni. Sahani zilipita mkono kwa mkono ndani ya ule ukungu wa moshi, na nyuso zilionekana na kupotea. Baba mdogo alipokatiza kukoroma, mikono yote ilibaki hewani, alipoendelea, ikashuka. Shangazi alifyonza mfupa huku amefumba macho, kama anayesikiliza habari za mbali.

Jua lilipojificha nyuma ya ukuta, mama mkwe alifumbua macho. Aliwatazama kama hajui ni mwaka gani.

"Nilikuwa nyumbani," alisema. "Nikamwambia baba yenu ageuke, anakoroma mno."

Kisha akaona mkeka na aliyekuwa juu yake. Uso ulimshuka. Cheche akadhani wamemtonesha kidonda.

"Kumbe ni wewe, shemeji," mama mkwe akasema.

Baba mdogo akashtuka. "Mimi? Sijalala, shemeji. Nilikuwa natafakari."

Mama mkwe akacheka, kwanza kidogo, halafu hadi akashika ubavu, machozi yakimtiririka. Ua mzima ukaangua kicheko kilichokuwa kimebanwa mchana kutwa. Cheche akamletea sahani kwa mikono miwili.

"Tusamehe, Mama. Tumekutangulia."

"Mmefanya vema, mwanangu." Akaung'ata ubavu wa kwanza, akatafuna polepole, akanyoosha mkono kutaka wa pili. "Na huyo anayetafakari, msimwache aende mbali. Nitakaa hapa wiki hii, naye akae."

"Chumba chetu kimoja kitatutosha sote?" mkewe alimnong'oneza Cheche.

"Tutalala kwa zamu," alijibu, akaenda kutafuta mkeka mwingine.