Tikitimaji la Sikukuu ya Mafundi

Tofu, paka wa Lan, alianguka kutoka kibarazani, ghorofa ya tatu, siku ya Jumanne, akajikung'uta vumbi, akapanda ngazi na kwenda kulala juu ya mkanda wa usalama wa Keung, mume wa Lan. Tangu hapo Keung hakushikika. Alikuwa fundi wa kufunga majukwaa ya mianzi kwenye maghorofa ya Hong Kong, kilo tisini na tano bila viatu. Huo mkanda alikuwa hajauvaa mwaka mzima, tangu tumbo liuzidi.

"Mimi na Tofu tumekula sahani moja," alitamba. "Tukishuka ghafla, tunatua kwa miguu."

Lan hakucheka. Mume akitoka asubuhi, moyo wake ulibaki mlangoni mpaka jioni. Lakini angesema nini? Kwa mafundi wale neno kuanguka halikutamkwa. Hata kijiko kikidondoka, walisema kimeshuka.

Ikafika sikukuu ya Lu Ban, mlinzi wa mafundi. Nyumba ikajaa pomoni: nguruwe wa kuchoma mezani, mafundi wanne, na Bibi Choi wa ghorofa ya chini, aliyekuja na habari za mtaa mzima.

"Jana panya katoka dirishani kwa Lam," Bibi Choi akasimulia, mdomo umejaa. "Kashuka ghorofa nne, huyooo, mbio! Mbwa wake kashuka mbili tu, jamani. Kavunjika miguu yote minne!"

"Mbwa mjinga huyo," Keung akasema.

"Si mjinga. Mzito," Lan akajibu.

Akachukua tunda moja dogo la lichi na tikitimaji zima, akatoka kibarazani. Ua wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa kufuli, hakuna mtu, ila shuka za Bibi Choi kambani.

"We shemeji!" Fai, rafiki wa Keung, akaruka kitini. "Leo hatudondoshi kitu! Mkosi huo!"

Lan akaliachia lichi. Likagonga saruji ghorofa tatu chini, likadunda, likatulia. Zima. Kisha akaliachia tikitimaji. Kishindo kilitikisa vikombe, na wekundu ukatapakaa ua mzima.

"Shuka zangu!" Bibi Choi akapiga yowe.

"Mdogo hewa humpokea," Lan akasema. "Mende, panya, hata Tofu. Wewe, Keung, hewa itakupisha upite. Haya, nimelitamka: utaanguka. Na mimi nitaokota nini pale chini?"

Keung alichungulia ua. Kisha akachukua ndoo na ufagio, akashuka.

Asubuhi, Lan akikoroga uji wa wali, Keung alimwinua Tofu kutoka kwenye mkanda. Paka akalalama. Keung akauzungusha tumboni huku akijua hautafika.

Ukafika. Akautazama: matundu mawili mapya, yametobolewa kwa msumari.

"Umeyatoboa lini haya?"

"Jumanne ile ya Tofu," Lan akasema. "Kunywa uji, utachelewa."