Damu ya Pili ya Wavinya

Wavinya, mjukuu wangu, alikunywa uji kwa jirani yetu Kavindu, na kabla jua halijatua akaanza kutupatupa mikono, macho yakageuka. Watu hawakungoja hospitali iseme, wakasema amerogwa. Hapa kwetu nje ya Mutomo hakuna aliyekula tena kitu cha Kavindu. Vijana wakaanza kusema ile nyumba yake ya nyasi itawaka vizuri.

Hospitalini walitoa damu na maji ya uti wa mgongo. Malaria, hakuna. Mtoto akaamka, akaruhusiwa, mguu mmoja ukiburuta. Daktari Roselyne akaniambia, "Shosho, damu hii ya kwanza haijasema kitu. Mwili hutengeneza askari wa kupigana na ugonjwa, lakini polepole. Mrudishe baada ya wiki mbili. Askari wakiongezeka, tutajua ni ugonjwa gani."

Siku ilipofika, Kyule, mwanangu na baba ya mtoto, alikataa. "Mwaitu, amepona. Tumeshukuru kanisani mbele ya watu. Sasa tumdunge tena, ati tunampima Mungu?"

"Mungu hana shida na sindano. Kavindu ndiye ako na shida."

"Huyo anajijua."

"Na wewe humjui? Ni yeye alikukata kitovu. Kama ni mchawi, alikuwa na wembe mkononi na wewe ulikuwa mdogo kuliko kuku."

Asubuhi Kyule mwenyewe alimpeleka mtoto.

Damu ikaenda Nairobi. Tukangoja, kungoja nilifundishwa na mvua ya huku. Roselyne alipiga simu nikipepeta ndengu, Kyule akiwa karibu. Askari wamepanda sana, akasema. Ni virusi vya mbu, viliingia hadi kwa ubongo.

"Si uji?" nikauliza.

"Hapana, Shosho. Huyo mbu alimuuma siku nyingi kabla ya uji."

Jumapili Kyule alisimama kanisani akasema hivyo hivyo, sauti chini, kisha tukaenda kwa Kavindu sisi watatu. Alitukaribisha bila kutuangalia. Akamimina uji kwenye kibuyu, akakiinua aonje yeye kwanza, vile mtu anayeshukiwa hufanya ili wageni waone.

Kyule akamshika mkono. Akachukua kile kibuyu kabla hakijafika mdomoni mwake, akampa Wavinya.

Mtoto akanywa, akapangusa mdomo. "Sukari ni kidogo."

Kavindu akaingia ndani kutafuta sukari. Alikawia huko, na hatukumwita.