Njia ya Mgongoni

Mishipa ya shingo ya Mama Fundi ilikuwa imeziba yote, kulia na kushoto. Mpira wa kusafishia damu aliowekewa kifuani tangu figo zishindwe kazi ulikuwa umegoma kabisa, na bila mpira mashine haina pa kumshikia. Miguu ilishaanza kujaa maji.

Daktari akamweleza kwamba watapitisha mpira mpya kwenye mshipa wa paja, pale kinenani. Mama Fundi akauliza kama mwenye mpira hapo anaweza kukanyaga cherehani kutwa nzima. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, akadakia kwamba huyu hata kaburini atataka azikwe na cherehani.

"Nyamaza wewe. Hiyo suruali kakushonea nani?"

Daktari akacheka, ila akamwomba aonyeshe anavyokaa kazini. Mama Fundi akajisogeza ukingoni mwa kitanda, akakanyaga hewa. Paja likawa linapanda na kushuka, kinena kinajikunja na kukunjuka. Daktari akatikisa kichwa. Hapo mpira ungejipinda, na jasho lingeleta vidudu. Akasema iko njia nyingine, ngumu zaidi: kupenya mgongoni, pembeni ya uti, mpaka kwenye mshipa mkubwa wa tumboni, kisha ncha itokee ubavuni. Hakuficha kwamba inaweza kushindikana, wakarudi palepale pajani.

"Jaribu huko, mwanangu. Ila usinitolee penye mkanda wa sketi."

Muuguzi akaleta kalamu ya kuchorea ngozi. Mama Fundi akafunga sketi yake kama afungavyo siku zote, akapima vidole viwili juu ya mkanda, akatia alama mwenyewe. Shemeji aligeukia ukuta, akinung'unika kwamba yeye hajawahi kupimwa kwa uangalifu namna hiyo.

Wakamlaza kifudifudi, wakampiga ganzi. Waya wa kuuongoza mpira ukakataa kuingia mara ya kwanza, ukakataa tena. Kisha akamsikia daktari akishusha pumzi. Umeingia.

Jioni mashine ikawashwa. Muuguzi akasoma namba, akasema damu inakwenda vizuri. Shemeji akauliza hali. Mama Fundi akajibu kwamba mgongo unauma kama wa mbeba magunia, lakini miguu inaanza kuwa myepesi.

"Wewe nenda nyumbani ukale," akamwambia. "Mimi niache na mashine yangu, niko kazini."