Maji ya Fundi Cherehani

Fundi cherehani alikuwa akikunja pindo la sketi ya shule mpimaji ardhi alipobisha hodi na kumuuliza, hapa mnapaitaje.

"Ufuoni," akajibu, maana ndivyo bibi yake alivyopaita. Ziwa lilishajiondokea zamani. Ukienda kunawa miguu, unarudi nyumbani na vumbi lile lile. Jina tu ndilo lililobaki.

Mpimaji akapigilia vigingi. Ufuo, alisema, ni ardhi inayofikiwa na maji, na sheria haimruhusu mtu kukaa juu yake.

"Maji unayaona wapi, mwanangu?"

"Si umesema mwenyewe, mama?"

Jioni maji yakaja. Yalipanda polepole kama mgeni anayetafuta nyumba, yakakoma kizingitini. Ndani hayakuingia.

Fundi akajitwika cherehani yake ya mkono, akahamia kwa dada yake, mlimani. Asubuhi dada alifungua mlango akakuta ziwa limejilaza barazani, visamaki vinadonoa ndara za mumewe.

"Umekuja na mwenzio," dada akasema.

"Nilimkataza. Ana masikio huyo?"

Shemeji aliokota ndara zake, akazikung'uta, akaenda kazini kwa mlango wa uani. Kabla hajarudi, vigingi vilikuwa vimefika.

"Mdogo wangu," dada akasema, bila kumtazama, "mimi nina watoto."

Fundi akaondoka. Maji nayo yakaondoka, nyumba ya dada ikakauka. Tangu hapo kila mwenye chumba cha kupangisha alimtazama kwanza nyuma ya visigino, kisha akasema chumba kimeshapata mtu.

Mwisho akarudi kwao, Ufuoni. Alikuta ukuta mrefu, na ndani yake ardhi kavu kama ukoko. Mlinzi alichungulia juu ya geti.

"Hapa ni kwetu," fundi akamwambia.

"Hapa ni kiwanja, mama. Ufuo ni hapo uliposimama."

Fundi akatazama chini. Maji yalikuwa yamemfika vifundoni, na ukuta hayakuugusa hata kidogo. Akatafuta jiwe, akatua cherehani, akajifunga kanga vizuri, akakaa.

Mlinzi alimtazama akitunga uzi sindanoni. Akatoweka kidogo, akarudi na suruali iliyofumuka, akaiteremsha juu ya geti.

"Taratibu tu, mama," akasema. "Usiniloweshee."