Herufi Tatu Kwenye Pipa la Munkoyo

Wakwe walikuwa wameshakaa chini ya turubai, nami nilikuwa bado nyuma ya nyumba nikilipangusa pipa kwa kitambaa chenye maji. Siku ya mahari pipa la munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, haliwekwi mbele ya wageni likiwa na matope. Na mama wa binti ndiye anayechota kikombe cha kwanza, anakunywa mbele ya macho ya wote, kisha wakwe wanafuata. Hapa Dilala asiyeonja kwanza ana neno lake moyoni.

Matope yaligoma kutoka. Kumbe yalikuwa yamepakwa, tena na mtu mwenye nia. Chini yake karatasi ya kiwandani ilikuwa imekwanguliwa kwa kisu, zikabaki herufi tatu katikati: ARM.

Nilimwita Tatiana, binti yangu, ambaye ndiye aliyekuwa anaolewa. Anasoma Kiingereza jioni kwa sababu makampuni ya mgodi yanawapenda wanaokijua. Mwalimu wao huwapa herufi chache, wao wanatafuta maneno yaliyo na herufi hizo ndani. Siku zote nilimwambia ule ni mchezo wa watu wasio na vyombo vya kuosha.

"Tafuta," nikamwambia. "Hii pipa ilikuwa na nini?"

Akachuchumaa, kitenge kipya amekikunja magotini. "Farm, ni shamba. Army, ni basoda, jeshi." Akapitisha kidole mahali palipokwanguliwa. "Hapana, mama. Mbele kuko nafasi ya herufi moja, nyuma kuko ya mingi. Inaweza kuwa farmers. Ni balimi."

"Dimitri wa ku soko, mwenye aliniuzisha, aliniambia ilikuwa ya maziwa ya Zambia. Balimi na maziwa, si njo ile?"

Midomo yake ilikuwa bado inatafuta. Halafu ikasimama.

"Ao harmful," akasema. "Kintu ya kuumiza muntu."

Munkoyo niliuonja jana ukiwa kwenye sufuria, kabla ya kuumimina mle ulale uchachuke. Usiku kucha ulikuwa umekunywa kilichokuwamo.

Mume wangu, Kabemba, akatokea na koti lake la harusi za watu. "Bantu banangojea. Munafanya nini huku?" Nikamweleza. Akacheka kwa pua. "Herufi tatu? Mwenyewe anasema inaweza kuwa balimi. Basi ni balimi. Kinywaji ingine tuko nayo? Tutabaambia nini?"

"Papa," Tatiana akasema polepole, "nani anaweza kukwangula jina ya shamba?"

Kabemba akainua sauti. Akawaita vijana, wakalibeba pipa hadi mbele ya wageni. Wageni wakapiga makofi. Nikapewa kikombe.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema Waswahili. Huyu mwenyeji alikuwa ameshika kikombe asichotaka kukijaza. Nilichota. Munkoyo ulinukia uchachu mzuri, kama unavyotakiwa, na hilo likanikasirisha zaidi. Nikawaza: nikinywa mimi, nikifa ni shauri langu. Lakini nyuma yangu watakunywa watu wote hawa, tena kwa sababu wameniona nikinywa. Nikamtazama Tatiana. Alikuwa analia tayari, na bado akanitikisia kichwa, nisinywe.

Nikalisukuma pipa kwa mikono miwili. Munkoyo ukatapakaa kwenye mikeka na viatu vya wakwe. Maji yakimwagika hayazoleki.

Tata Zéphirin, mjomba wa kijana na msemaji wao, akasimama. "Mama Agnès, kama munatukatala, mungetuambia ku mulango."

Nikasema yote: matope, kisu, herufi, maneno mawili. Sikupunguza kitu. Kabemba akaufunika uso wake. Mmoja wao akasema kwamba sasa Kiingereza ndicho kinachoachanisha watu, wakacheka kicheko kibaya. Tata Zéphirin akawaamuru vijana wake wapakie masanduku na mbuzi. Niliona aibu mpaka masikioni, na hasira ya kumchekea Dimitri siku ile akinifungia pipa kwa kamba.

Ila mama wa kijana, mama Angèle, alikuwa bado amekaa. Alilitazama pipa lililolala ubavu.

"Ile ya bluu," akasema. "Kifuniko nyeusi. Mulinunua kwa nani?"

"Kwa Dimitri, ule wa ku marché."

"Ilikuwa na matope?"

"Ilikuwa nayo."

"Mi nilinunua mbili." Aliongea kama anayejisemea mwenyewe. "Juzi. Tunawekaka maji ya kunywa."

Hakuna aliyecheka tena. Akatoa simu kwenye mkoba, akapiga nyumbani, ambako alikuwa amewaacha wajukuu. Ile simu tuliisikia sote ikiita. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, kidole kikikosea namba.

Josias, mwanawe, bwana harusi mwenyewe, hakungoja. Alikimbilia barabarani akasimamisha pikipiki impeleke nyumbani, na Tatiana akapanda nyuma yake, pekupeku, bila kuniuliza. Mahari ilikuwa haijapokelewa, na hakuna aliyemzuia.