Mashine Tano za Bi Tatsuno

Vuli ile ya mwaka 1955, katika mji mzima wa Kishiwada, Japani, kulibaki kiwanda kimoja tu ambacho hakikuwa kimefunga hata mashine moja, nacho kilikuwa cha Tatsuno Kinue. Wizara ya viwanda ilikuwa imeshauri kila kiwanda cha nyuzi za pamba kifunge robo ya mashine zake, kwa kuwa nyuzi zilijaa maghalani na bei ilikuwa imeporomoka. Ndilo neno walilotumia: kushauri. Sheria haikuwapo, wala adhabu. Ila pamba ilitoka ng'ambo, huko ng'ambo walitaka dola, na dola zote za nchi ziligawiwa na wizara hiyohiyo. Wenye viwanda walisoma barua, wakaelewa, wakafunga.

Kinue alikataa. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na minane. Wakati wa vita serikali ilizichukua mashine za mumewe zikayeyushwa kutengeneza silaha, kisha ikamchukua na mume mwenyewe, asirudi. Mashine ishirini alizokuwa nazo sasa alizikusanya moja moja, nyingine akizitoa kutu kwa mikono yake. Wasichana sitini walizihudumia, wote kutoka Kagoshima, mbali kusini, na kila mmoja alifuatwa kwao na Kinue mwenyewe, aliyepiga magoti mbele ya wazazi na kuahidi kumtunza. Kufunga mashine tano kulikuwa kuwarudisha wasichana kumi na watano makwao, kwenye mashamba ya viazi yasiyotosha kulisha hata waliobaki.

Bwana Kuroiwa, mwenyekiti wa chama cha wenye viwanda, alimjia mara tatu. Mara ya kwanza alileta keki za maharage matamu. Mara ya tatu alikuja mikono mitupu, akakataa hata kukaa.

"Dada, sisi wote tumekatwa mkono," alisema. "Bei imeanza kupanda kwa sababu ya mkono wetu. Wewe una yako yote miwili, na faida unakula. Unatutazamaje usoni?"

Maneno hayo yalimchoma Kinue, maana alijua mwenzake hakusema uongo.

Siku mbili baadaye alifika mtu wa wizara kutoka Osaka. Aliitwa Hatakeda, mwembamba, wa miaka thelathini na kitu, viatu vimeliwa kisigino. Alizunguka kiwanda kizima bila kuandika chochote, kisha akaketi ofisini na kuweka mkoba wake mapajani. Pamba iliyobaki ghalani ilikuwa ya siku kumi na moja. Kinue alijua, na alihisi kwamba mgeni naye anajua.

Kinue aliuliza kwa upole kibali chake cha pamba ya miezi mitatu ijayo kimefikia wapi.

"Bado kinaangaliwa, mama."

"Cha Bwana Kuroiwa kilitoka wiki iliyopita."

"Ndiyo. Chake hakikuwa na mambo ya kuangalia."

"Basi niandikie," Kinue alisema. "Andika kwamba nisipofunga mashine tano sipati pamba. Nitafunga leo hii."

Hatakeda alitazama nje ya dirisha, wasichana walipokuwa wakianika mashuka yao. "Siwezi kuandika hivyo. Hakuna amri ya namna hiyo. Mimi nashauri tu."

Aliinamisha kichwa kwa heshima zote, akaondoka.

Siku kumi na moja zikaisha. Asubuhi ya kumi na mbili msimamizi, mzee Nishiwaki, alizima mashine ya mwisho, na kimya kikatanda mle ndani hata wasichana wakaanza kunong'ona kama wako msibani. Kinue aliwaambia wafagie na wapake mafuta. Yeye akapanda treni kwenda Osaka, akaketi kwenye benchi la ukumbini, nje ya ofisi ya Hatakeda. Jioni akarudi nyumbani. Kesho yake akaketi tena.

Alifanya hivyo siku sita. Makarani walimpita wakiwa wamebeba mafaili, mwanzoni wakimsalimu, baadaye wakimkwepa. Jioni ya siku ya tano mzee Nishiwaki alimweleza kwamba wasichana wameanza kufunga vifurushi vyao kwa siri.

"Hawakulaumu, mama," alisema. "Wanaogopa kuambiwa. Wanaona afadhali waondoke kabla."

Siku ya saba Hatakeda alifungua mlango, akamwita. Alimwekea mezani karatasi moja. Kinue aliisoma taratibu. Ilisema mashine tano zitolewe kwenye orodha ya pamba na kufungwa lakiri, zisiweze kuwashwa. Kisha, vipuri vikifika baada ya miezi mitatu, zisajiliwe upya kusokota nyuzi mpya zilizokuwa zikitengenezwa nchini kwa mawe ya chokaa na makaa ya mawe. Nyuzi hizo hazikuhitaji dola. Wizara ilizitaka sana, na waliokubali kuzisokota ilikuwa ikiwatafutia mafundi na vipuri.

Wasichana wangebaki. Ndipo macho ya Kinue yakaangukia tarehe. Karatasi ilikuwa imepigwa chapa siku moja kabla Hatakeda hajaja Kishiwada.

"Ulikuwa nayo mkobani," alisema.

"Ndiyo."

"Wasichana wangu wamekaa wiki nzima wakingoja kufukuzwa. Na wewe ulikuwa nayo."

Hatakeda hakuinamisha macho. "Siku ile ungeipiga muhuri, mama? Au ungenitoa nje?"

Kinue alitaka kusema angeipiga. Lakini alijua angemtoa nje. Kwa hasira alitoa muhuri wake wa jina, ulio badala ya sahihi. Akaupiga kwenye karatasi. Hatakeda akamkabidhi kibali cha pamba, ambacho nacho kilikuwa tayari.

Wiki iliyofuata alikuja mwenyewe kufunga mashine, akiwa na waya na lakiri za madini ya risasi. Wasichana walisimama ukutani wakitazama. Kinue alimshikia waya, kwa sababu hakutaka mtu mwingine afanye kazi hiyo.

"Na hizo nyuzi zenu zikikosa wanunuzi?" alimuuliza.

"Tutashauri jambo jingine."

Miezi ile mitatu Kinue aliwalisha watu kumi na watano wasio na mashine, na uji ukawa mwepesi kwa wote sitini. Watatu waliondoka kwa hiari yao. Vipuri vilipofika, nyuzi mpya zilikatika kila baada ya dakika chache, zikanasa kwenye nguo na nywele, na mzee Nishiwaki akaapa atarudi kwenye uvuvi. Mwezi Mei zikatulia, na mtengeneza nyavu wa Wakayama akazinunua zote.

Mwezi huohuo Bwana Kuroiwa alikuja tena, akiwa na keki. Kulikuwa na mwenye kiwanda mmoja kule Kaizuka aliyekataa ushauri mpya wa wizara. Je, dada angekwenda kuzungumza naye, kwa kuwa yeye alipitia hayo?

Kinue alimwambia arudi nazo keki zake. Kisha akakumbuka vifurushi ambavyo wasichana wake walivifunga kwa siri, akamwita mzee Nishiwaki, akamwuliza treni ya Kaizuka inapita saa ngapi.