Mtaalamu wa Nywele kutoka Kinshasa

Kwa wananchi wote wa Ituri, wa mjini na wa vijijini, wenye nywele na wenye upara, inatangazwa kwa heshima kubwa kwamba Mademoiselle Scholastique, binti wa mtaa wa Mudzipela, amehitimu rasmi katika sanaa na sayansi ya kuosha, kukata, kulainisha, kusuka na kurembesha vichwa vya binadamu. Makofi, tafadhali.

Makofi yalipigwa. Yalipigwa na watu wachache, na mmoja wao alikuwa anaua mbu. Sherehe ilifanyika katika darasa la kuazima, na katikati ya hotuba ya mgeni wa heshima kile kichwa cha plastiki walichojifunzia kusuka kilichomoka kwenye mti wake, kikaviringika mpaka miguuni pa pasta. Pasta alikuwa amefumba macho. Alikiwekea mkono, akakibariki.

Scholastique, ambaye watu wote walimwita Scola, alicheka mpaka akatolewa nje. Kwa hiyo brevet yake, cheti cha kuhitimu, alipewa mlangoni.

Haikumshangaza. Miaka yake ya sekondari aliimaliza katika internat, shule ya bweni ya wasichana, upande wa kwenda Nyankunde, na huko alisifika kwa mambo ambayo masista hawakuyaandika kwenye bulletin ya matokeo. Ndiye aliyemfanyia mende maziko ya kiserikali, kwa jeneza, mashada na hotuba ya mjane. Lakini mikono yake, hata masista walikiri, ilikuwa na akili kuliko yeye mwenyewe. Kichwa kikipita mikononi mwake, kilitoka kimenyooka.

Sasa alitaka kitu kimoja tu: kiti chake katika saloni, na nusu ya malipo ya kila kichwa atakachosuka. Hayo ndiyo masharti ambayo kila coiffeuse, yaani msusi, mwenye jina hupewa mjini Bunia. Wasio na jina hupewa stage.

Stage ni hivi. Unafika kabla ya patronne, mwenye saloni, unaondoka baada yake. Unachota mayi, unafua taulo, unafagia nywele za watu, unabeba mutoto wa patronne mgongoni na kumpulizia pua. Kichwa unakigusa patronne akienda kula. Malipo yanaitwa expérience. Mama yake Scola aliposikia neno hilo aliuliza kama linaiva haraka kuliko maharage, maana makaa yamepanda bei.

Saloni iliyokuwa juu ya zote ilikuwa Grâce Abondante, karibu na boulevard, na mwenyewe alikuwa Maman Micheline, shemasi wa kanisa lake, mwanamke mnene wa sauti na mwembamba wa subira. Scola alipoingia, Maman Micheline alikuwa anatazama telefoni.

"Bonjour, Maman. Niko coiffeuse, nimemaliza masomo juzi. Natafuta kazi."

"Kazi haiko. Stage iko."

"Stage ya mpaka lini, Maman?"

"Mpaka utajua."

"Nimeshajua. Niko na brevet."

"Brevet inasuka?" Macho yalibaki kwenye telefoni. "Ndoo iko pale mlangoni. Mayi iko inaisha."

Mteja mmoja aliyekuwa chini ya kaskiti ya kukausha nywele alipaza sauti: "Maman Micheline, na yule msusi wa Kampala, alirudi?"

"Bado, mpenzi. Lakini mutu wa Kampala akija, ao wa Kinshasa, namupa kile kiti cha dirishani palepale. Mutu wa mbali ndiye anajua mode. Benye kutoka hapa, zote wanazojua, siye pia tunazijua."

Scola alitazama kiti cha dirishani. Kilikuwa chekundu, kinazunguka, na juu yake paka alikuwa amelala. Alitazama ndoo. Akaaga kwa adabu, akatoka, na kabla hajafika barabarani alikuwa ameshapata wazo. Watu waliokaa naye bwenini wangeiona sura yake wakati ule, wangejificha.

Rafiki yake Tina, waliyehitimu pamoja, alikuwa na shangazi aliyerudi kutoka Kinshasa na nywele za bandia za rangi ya asali. Siku hiyo Tina mwenyewe alikuwa stagiaire mahali, na mgongo wake ulikuwa na harufu ya mutoto wa watu.

"Niazime perruque ya shangazi," Scola alisema. "Na zile lunettes zake nyeusi."

"Za nini?"

"Naenda kuajiriwa."

Tina alisikiliza mpango wote mdomo wazi. "Weye! Na Lingala, unaongea?"

"Ile ya kanisani."

"Ile ya kanisani ni ya kuimba, Scola."

"Basi nitaimba."

Baada ya siku chache, pikipiki ilisimama mbele ya Grâce Abondante na kumshusha msichana mwenye nywele za asali, miwani myeusi na begi lenye kibandiko cha ndege. Begi lilikuwa na ndoo ndogo ya mafuta ya nywele, vitana, na mawe mawili ya kulifanya lionekane limetoka mbali.

"Mbote na bino, bandeko!" alisalimu kwa Lingala, kwa sauti ya mtu anayefungua ibada. "Nazali Mademoiselle Orly. Nimetoka Kinshasa. Natafuta saloni yenye heshima, kama Bunia iko nayo."

Maman Micheline aliinua macho kutoka kwenye telefoni. Kisha akajiinua na mwili wenyewe, jambo ambalo wateja walisema halikuwa limetokea tangu kabla ya Pasaka. Alimfukuza paka. Akapangusa kile kiti chekundu kwa kitenge chake mwenyewe.

"Keti, Mademoiselle. Keti, ma fille. Masharti yako ni gani?"

"Kiti hiki. Nusu ya kila kichwa. Dimanche ni ya Bwana, sifanyi kazi. Na ndoo," Scola alisema, akiikazia macho nyuma ya miwani, "ndoo sishiki."

"Ndoo! Mutu wa Kinshasa ashike ndoo! Patieni Mademoiselle sucré baridi ya kunywa!"

Ilikuwa rahisi mno. Scola alijuta hakuomba na chakula cha mchana.

Hivyo akaanza kazi. Miwani hakuivua, alieleza kwamba macho yake yamezoea taa za Kinshasa, na hakuna aliyeuliza inakuwaje macho yaliyozoea taa yafichwe mahali ambapo umeme wenyewe huja kwa mapenzi yake. Lingala ilimpa taabu zaidi, maana yote aliyoijua ilikuwa ya nyimbo za kuabudu. Mteja akimwuliza kama mayi ya kuoshea ni ya moto, alijibu, "Mai ya bomoi, mama," yaani maji ya uzima. Akimwuliza kama anamvuta sana, alisema, "Alléluia, yika mpiko," vumilia. Wateja waliona hawajawahi kuhudumiwa na msichana wa mjini mwenye kumcha Mungu kiasi hicho.

Kisha akaja Maman Faida, kiongozi wa chorale, mwanamke ambaye akibadili mtindo wa nywele Jumatatu, Jumapili safu zote za soprano zimebadilika.

"Mademoiselle Orly, sema kweli. Kinshasa wanasuka nini sasa?"

Scola, ambaye kwa upande huo wa dunia alikuwa hajawahi kupita Niania, humohumo Ituri, alihisi kichwa chake kimekuwa cheupe kama sinia. Wazo halikuja. Kilichokuja ni shamba la bibi yake huko Nyankunde: mistari ya maharage inayopanda kilima imenyooka, inafika kwenye kichuguu, inakizunguka kwa adabu, halafu inakutana tena juu. Mikono ikaanza bila kumwuliza. Mistari ikapanda kutoka kisogoni, ikazunguka utosi, ikakutana mbele.

Maman Faida alijitazama kwenye kioo, mbele, ubavuni, tena mbele.

"Inaitwa aje hii?"

"Boulevard," alisema Scola.

Jumapili iliyofuata chorale nzima ilikuwa Boulevard. Benchi la Grâce Abondante likajaa tangu asubuhi. Maman Micheline alimwita fundi wa rangi, akaandika ukutani nje: ORLY DE KINSHASA YUKO HUMU. Nyumbani Mudzipela kulipikwa nyama katikati ya wiki, na mama yake Scola akaanza kusema neno coiffeuse kama watu wanavyosema daktari. Scola aliponong'ona usiku na dhamiri yake, dhamiri ilimjibu ikiwa imeshiba.

Ila kuna jambo moja lilimkera. Kila sifa aliyopewa ilikwenda kwa Orly. "Mikono ya Kinshasa hiyo!" walisema, na Scola wa Mudzipela alikaa chini ya perruque, anatoka jasho.

Ikafika wiki ya dot, mahari, ya binti mpwa wake Maman Micheline. Wakwe walikuwa wanatoka Boga na ng'ombe wao, na shangazi wa bibi harusi alitakiwa aonekane. Maman Micheline aliamuru asukwe Boulevard ya mistari midogo kabisa. Kwa mistari midogo kiti kirefu hakifai, kwa hiyo alikaa kwenye kigoda, mgongo kwa magoti ya Scola, mbele ya benchi lote lililokuwa linasubiri zamu, Maman Faida akiwa wa kwanza kwa ajili ya kukazwa upya.

Joto lilikuwa kali, jenereta ilikuwa inaunguruma, mikono ilikuwa inakwenda. Scola alizama kazini. Upande wa kulia ulikwisha. Alitaka kichwa kigeuke, na bila kufikiri akaligonga sikio la kushoto mara mbili kwa kidole.

Kichwa cha Maman Micheline kiligeuka kushoto.

Hapa lazima jambo moja lielezwe. Katika ile internat upande wa Nyankunde, nywele husukwa Jumamosi mchana, saa ya mapumziko, na saa ya mapumziko kuongea ni marufuku. Wasichana wa vizazi na vizazi wamesukana kimya. Sikio la kushoto likigongwa mara mbili, geuka. Sikio la kulia likivutwa, inama. Ukipulizwa kisogoni, mstari umekwisha. Hakuna saloni inayofanya hivyo, kwa sababu saloni zote zina midomo. Mtu aliyekaa miaka yote chini ya sheria hiyo, kichwa chake hujibu chenyewe, hata kama mwenyewe sasa ni shemasi na ana mvi.

Scola aliganda, kitana hewani. Kisha akajiambia ni bahati tu, akaendelea.

Ndipo mkono wa Maman Micheline ukashuka polepole, ukagonga goti la Scola mara moja.

Goti likigongwa mara moja, maana yake ni: unaniumiza, legeza. Vidole vya Scola vililegeza msuko kabla yeye hajaviambia visithubutu.

"Kinshasa," alisema Maman Micheline.

"Ee, Maman."

"Kinshasa kule wanagonga masikio."

"Ni mode mpya, Maman. Alléluia."

"Acha alléluia yangu. Nililala kitanda cha pili, karibu na dirisha lililovunjika. Weye?"

Scola alitazama mlango. Alitazama kichwa kilichokuwa mikononi mwake: nusu shamba lililolimwa, nusu pori. Akavua miwani. Kisha perruque, na upepo ukampata kichwani kwa mara ya kwanza wiki hizo zote.

"Kitanda cha mwisho, Maman. Cha chini ya saa."

Benchi lilishtuka kwa pamoja. Maman Micheline alijigeuza kwenye kigoda, akamtazama usoni.

"Sura hii sijawahi kuiona."

"Umeiona, Maman. Nilikuja kuomba kazi hapa. Ulinionyesha ndoo. Ulikuwa unatazama telefoni."

Mtu alicheka benchini na kujifanya anakohoa.

"Na kama ningekuambia kitanda changu siku ile?" Scola aliuliza.

"Ningekupa stage." Alisema kweli, alikuwa shemasi. "Sasa sikiliza, weye mutoto wa chini ya saa. Wakwe wanafika kesho, na mimi niko nusu. Hiyo utamaliza. Lakini watu hawa walikaa kwa kiti chako kwa sababu ya uongo, na uongo huo niliuandika kwa ukuta wangu kwa rangi ya mafuta. Simama, ujiseme mbele yao, kila kitu. Wakibaki, kiti ni chako, nusu ni yako, kama tulivyopatana. Wakiondoka, unaondoka nao."

"Na ndoo?"

"Simama!"

Scola alisimama. Alikuwa amehutubia maziko ya mende mbele ya bweni zima bila kutetemeka. Sasa alijaribu kuanza kwa sauti ya matangazo, "Wapendwa mamans wa Bunia," na sauti ikamkimbia. Akaanza tena, ya kwake.

"Mimi si Orly. Niko Scholastique, wa Mudzipela. Kinshasa sijawahi kufika. Perruque ni ya shangazi wa Tina. Lingala ni ya nyimbo, na ile siku nilisema maji ya uzima, yalikuwa ya bombani. Kusuka ndiko kwa kweli. Nilijifunza hapa hapa, na nina brevet, na hakuna aliyetaka kuiona. Basi."

Maman Faida alikuwa ameweka mkono juu ya kichwa chake, kama mtu aliyesikia nyoka darini.

"Na Boulevard?" aliuliza. "Boulevard ni ya wapi?"

"Ni shamba la bibi yangu, Maman. Nyankunde."

"Shamba la nini?"

"La maharage."

Maman Faida aligusa mistari, mmoja baada ya mwingine, kutoka kisogoni hadi mbele. Benchi lote lilimtazama. Yeye akishika mkoba, wote wangeshika mikoba.

"Chorale yangu nzima," alisema taratibu, "ilisimama mbele ya askofu na maharage kichwani."

"Ndiyo, Maman."

"Na yamenyooka hivi? Bibi yako analima hivi?"

"Hivyo hivyo."

Maman Faida alivuta kigoda cha pili, akakaa, akafungua kitambaa chake. "Maliza huyu haraka, zamu inafuata ni yangu. Na hapa pembeni, hii mistari iliyopinda, hii nayo ni nini? Sema yote, Scholastique, ujisafishe."

Scola alikishika tena kichwa cha Maman Micheline, akavuta sikio la kulia, na kichwa kikainama.

"Hiyo," alisema, "ni pale mbuzi walipoingia."